Barua ya wazi: Mgeni ametusifu kwa kutokula nyama

Kwa Mheshimiwa Mwenye Kushika Listi ya Mishahara, Kinshasa
Kuhusu: Sifa za watumishi wako wa Kailo

Mheshimiwa,

Kwa heshima zote, na kwenye karatasi tuliyojinunulia, tunakuarifu kwamba ofisi yetu imesifiwa na mtu wa Ulaya.

Mgeni huyo hali nyama wala samaki. Alivuka Lualaba kutoka Kindu mpaka Alunguli, akapanda pikipiki, na njia nzima hofu yake ilikuwa ile nyama ya pori iliyokaushwa kwa moshi na kutungikwa kando ya barabara. Kufika ofisini akatukuta mezani: bugali wa muhogo, lengalenga, na sombe iliyoiva kwa mawese, bila ndakala hata mmoja. Uso wake ukang'aa. Akauliza kama ofisi nzima inakula hivyo. Tukamjibu ndiyo, mwezi unapoanza na unapokwisha. Akasema kwao watu hujaribu kuacha nyama wakashindwa. Akataka siri yetu.

Siri yetu ni wewe, Mheshimiwa, lakini hatukukutaja.

Hatukumweleza habari za ma-NU, wale watumishi "wapya" ambao upya wao umeshaota mvi: barua ya kazi wanayo, meza wanayo, jina kwenye listi yako hawana. Hatukumweleza kwamba tangu mishahara ianze kupitia benki mwaka 2011, mwenye bahati ya kulipwa anaufuata wake Kindu, na pikipiki na mtumbwi vinakula kabla yake. Sheria namba 16/013 ya tarehe 15 Julai 2016, inayompa mtumishi wa serikali haki ya mshahara, tuliificha kabisa. Angetudhania walafi.

Alisifu na kazi yetu pia. Aliona barua zikiandikwa kwa mkono kwenye rejista, na kashe ikitoka kwenye mkoba wa mkubwa na kurudi humo humo. Akapenda kwamba hakuna mashine inayonguruma wala taa inayowaka bure. Saa nane viti vilipobaki vitupu, tulimwambia wenzetu wako kwenye kazi za nje. Hatukusema uongo: walikuwa mashambani, wakilima muhogo.

Sasa tuna wasiwasi. Mwenzetu mmoja, jina lake lilipotokea kwenye listi, jioni ile ile nyumba yake ilinuka kuku, na mtoto wake akapita mtaa mzima akilamba vidole. Ukitulipa sote, sifa ya Kailo itakwisha kwa siku moja.

Tulikutana, tukajadiliana, na bila hata mmoja kupinga tukakubali kuibeba aibu hiyo. Tulipe tu, Mheshimiwa. Mgeni tutamwomba radhi wenyewe.

Wako watiifu,
Watumishi wa ofisi moja, Kailo

Nakala: kwa mwenye duka anayetukopesha chumvi na sabuni, kwa taarifa na kwa uvumilivu.