Springi Mpya, Meno ya Zamani

Mnunuzi wa Mazda MX-5 huko Marekani akishalipa ndipo anapong'amua kuwa gari lake la spoti linarukaruka kama mwanambuzi aliyefunguliwa kamba. Dawa? Springi fupi, ngumu. Shokapu za kiwandani anaziacha palepale. Hongera! Springi hupokea nguvu ya shimo na kuirudisha. Kuizima ni kazi ya shokapu, inayosukuma mafuta kupitia vitundu vyembamba. Sasa shokapu zilezile zimekabidhiwa springi zenye nguvu zaidi, na mdundo umeongezewa mtaji. Haya, zinaagizwa shokapu za kurekebishwa, zenye kirungu cha kuzungusha kutoka laini hadi jiwe. Bwana mkubwa anazungusha mpaka jiwe, kisha anausifu utulivu wa gari, meno yakigongana.