Fundi na Mteremko Wetu

Nimestaafu ualimu siku nyingi, lakini fundi wetu bado ananiita "mwalimu", na kila aniitapo hivyo najua kuna pesa zinatakiwa.

Kikundi chetu cha maigizo hapa Kitale kina ukumbi mdogo: mabati juu, jukwaa la mbao lenye ubao mmoja mbovu ambao waigizaji wote wanaujua na kuuruka, na popo darini ambao hawajawahi kulipa kiingilio. Mwaka huu tukachanga, tukaita harambee, tukakubaliana ukarabatiwe kabla ya msimu wa vitabu teule. Riziki yetu iko hapo. Wanafunzi wa kidato cha nne huletwa kwa mabasi kutazama Bembea ya Maisha ya Timothy Arege, na huletwa saa nane mchana, maana mkuu wa shule gani atawaachia watoto wa bweni usiku? Kwa hiyo kitu cha kwanza tunachohitaji ni giza.

Sasa jaribu kumweleza fundi kwamba unamlipa akutengenezee giza.

Fundi huyu, mwenyekiti wetu alimtoa Bungoma, kwa kuwa alijenga kanisa upande wa Chwele na waumini wakamsifu. Jumatatu ya kwanza nikampigia simu saa mbili. "Niko Kamukuywa, mwalimu, nakaribia." Saa tano, bado Kamukuywa. Saa nane, Kamukuywa. Nimeanza kuamini kwamba Kamukuywa ni pana kuliko Uganda.

Alipofika, alitutazama kwa huruma. "Mlikuwa mnakaa humu kama wafungwa!" Akapanua madirisha. Akatoa mabati manne akaweka yale ya plastiki yanayopitisha mwanga. Ukuta wa nyuma ya jukwaa nilitaka uwe mweusi. Akasema nyeusi ni rangi ya matanga, mwenyekiti akamuunga mkono, tukapata rangi ya krimu inayong'aa kama kliniki. Halafu taili, sakafuni na nusu ya kuta, kwa sababu mweka hazina aliziona katika hoteli moja mjini. Sauti ikigonga taili hairudi kulala. Mwigizaji akiita "Baba!" mara moja, anasikika kama mtoto wa baba watatu. Ikabidi nikaombe magunia matupu ya mahindi, kitu ambacho Trans Nzoia haijawahi kupungukiwa, tukayatundika ukutani. Mwangwi ulipungua kweli. Dumuzi wakaongezeka.

Lakini hayo yote nimesamehe. Nisilosamehe ni sakafu.

Aliyejenga ukumbi ule, Mungu amrehemu, aliiteremsha sakafu kidogokidogo kutoka mlangoni hadi jukwaani, ili wa nyuma waone juu ya vichwa vya wa mbele. Nilikuwa nimesafiri siku mbili kwenda Bungoma kununua mabenchi ya banda la video lililofungwa. Niliporudi na lori, nikamkuta fundi amesimama katikati, pima maji mkononi, uso unameremeta. "Mwalimu, kumbe mlikuwa mmeibiwa! Hii sakafu ilikuwa imeinama! Yule fundi wa kwanza alikuwa mlevi." Alikuwa ameisawazisha yote. Kwa simiti yetu. Kiputo cha hewa kiliyumba kidogo ndani ya kile kioo kisha kikatulia katikati kabisa, akanisubiri nimpongeze.

Mwaka 1977 wanakijiji wa Kamiriithu, kule Limuru, walijijengea ukumbi wa wazi usio na paa, na mwaka 1982 serikali ikalazimika kutuma askari waje kuubomoa. Sisi ametutosha mtu mmoja na pima maji. Na ule Ukumbi wa Kitaifa wa Maigizo kule Nairobi, uliofunguliwa 1952, ulifunguliwa upya baada ya ukarabati mkubwa mwaka 2015. Zamani nilidhani kukawia vile kumwita fundi ni uzembe.

Siku ya uzinduzi tulicheza mchezo wetu wenyewe, ambamo mzee anakufa katika onyesho la tatu. Zamani taa zilizimwa na maiti akatambaa nje bila mtu kujua. Safari hii taa zilizimwa na hakuna aliyegundua, jua lilivyokuwa linamwagika. Maiti alingoja, akangoja, mwishowe akainuka, akakunja mkeka wake, akatoka akiuruka ule ubao mbovu. Ndiyo, ubao bado upo. Fundi alisema haukuwa kwenye hesabu. Nje, kupitia madirisha mapana, manamba akawa anaita "Kimilili, Chwele, Bungoma, wawili tu!" na mjane jukwaani akasahau maneno yake.

Fundi mwenyewe alikuja na mkewe. Wakakaa benchi la mwisho, nyuma ya mama mmoja mwenye kilemba cha harusi. Nilimwona akijinyoosha kushoto, akijinyoosha kulia, hata akasimama. Baada ya makofi akanijia taratibu, akanishika mkono, akanivuta kando ili wageni wasisikie.

"Mwalimu, hii sakafu ina kasoro. Huku nyuma hatuoni kitu. Lakini usijali, naweza kuwawekea mteremko kidogo. Ni kama mifuko arobaini tu ya simiti."