Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Gavana wa Mlimani

KUH: OMBI LA KUPIMIWA KIINGEREZA

Mheshimiwa,

Kwa heshima na taadhima, kofia mkononi, naomba radhi kwa kukuchukulia dakika chache za kulijenga taifa. Kwa adabu sitaitaja kaunti yako. Magavana wa Mlima Kenya ni kadhaa, na kila mmoja yuko huru kuamini kwamba namwandikia mwenzake.

Kwanza, shukrani. Katiba ya 2010, Vifungu vya 196 na 201, inataka wananchi washirikishwe katika sheria na fedha za kaunti, nawe hukosi kutualika. Tunakuja. Tunapewa mswada wa fedha kwa Kiingereza, tunaukodolea macho, tunatia sahihi kwenye orodha ya waliohudhuria, tunarudi sokoni tukiwa tumeshirikishwa. Ada ya kibanda ikipanda, tunaambiwa tuliikubali.

Sithubutu kusema kwamba Kiingereza hicho ni kigumu. Nasema tu kwamba kinaweza kupimwa. Mwaka 1948 Rudolf Flesch, mzaliwa wa Austria aliyehamia Marekani, alitoa kanuni ya kupima wepesi wa maandishi ya Kiingereza. Mwaka 1975 J. Peter Kincaid na wenzake waliigeuza ikataja darasa la shule, kwa ajili ya Jeshi la Wanamaji la Marekani, lililotaka mabaharia waelewe vitabu vya mitambo. Kanuni hizo zimo ndani ya Microsoft Word, ambayo huenda makarani wako wanayo tayari. Programu huhesabu maneno katika kila sentensi na silabi katika kila neno. Alama 60 hadi 70 zinamfaa msomaji wa kawaida; chini ya 30 ni za wenye digrii.

Sasa chukua, Mheshimiwa, sentensi moja ya kisheria yenye maneno 80, kila neno silabi mbili kwa wastani. Alama yake ni karibu 44 chini ya sifuri. Kwa kipimo cha Kincaid, msomaji wake awe amefika darasa la 39. Hata maprofesa wetu hawakuketi darasani miaka hiyo yote, sembuse mama mboga wa Karatina.

Washauri wako watasema programu haina akili, na watakuwa wamesema kweli. Haijui maana; ukivuruga mpangilio wa maneno, alama ni ileile. Tena ni ya Kiingereza tu. Ukiipa sentensi ya Kiswahili yenye neno moja, “Tutawasaidia,” kwa silabi zake saba kanuni ya Flesch itaitupa hadi 386 chini ya sifuri, ingawa hakuna asiyeielewa Mweiga wala Chuka (tunaisikia kila baada ya miaka mitano). Lakini mizani ya kiwanda cha kahawa nayo haijui ladha, na hakuna mkulima wa Othaya anayekubali kahawa yake ipokelewe bila kupimwa.

Wala tatizo si Kiingereza chenyewe. Marehemu Wahome Mutahi, mwana wa Nyeri, aliandika safu yake ya Whispers kwa Kiingereza, na watu wakaisoma hadi ndani ya matatu, wakicheka. Aliwataka waelewe.

Kwa hiyo naomba matatu, kwa unyenyekevu. Mosi, kila mswada upimwe kabla ya kuchapishwa, na alama iandikwe kwenye jalada. Pili, uambatanishwe na muhtasari wa kurasa mbili kwa Kiswahili, ambacho Kifungu cha 7 kinakitambua kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Tatu, kwa kuwa programu haiwezi kuupima muhtasari huo, upimwe na watu: wape wachuuzi watano wausome, kisha waulizwe watalipa nini, lini na kwa nani. Wakishindwa kujibu, mwandishi aurudie, si wao.

Ukiona ombi hili ni zito mno, Mheshimiwa, basi ulikatae. Ila nakusihi, utukatalie kwa sentensi fupi.

Wako mtiifu,
Mlipaji wa ada