Mahari kwa Asilimia 41

Mahari ya mwana wa kaka yangu yamelipwa kwa simu ya shangazi wa bibi harusi. Nalisema mwenyewe leo Jumatatu, mapema, kabla hamjalisikia kutoka Kibaha, maana huko ukweni tayari wanacheka kwamba mahari wamejilipa wenyewe.

Kikao kilikwenda vizuri. Kilemba cha baba, mkaja wa mama, kifungua mlango, vyote vilijadiliwa na kupunguzwa kidogo kwa heshima ya pande zote. Kisha baba wa binti akasema hataki noti ndani ya nyumba, tumtumie. Macho yakanigeukia mimi, mshika fedha. Nikatoa simu. Asilimia 41. Nikabonyeza nyota, namba, reli. Nikaweka kiasi. Jina la mzee likatokea, na mshenga akalisoma kwa sauti ili kila mtu awe shahidi. Nikaandika namba ya siri, nikabonyeza. Sabufa iliyokuwa pembeni ya televisheni ikakoroma tr-r-r-r, kioo kikawa cheusi, nikabaki nimeshika plastiki mbele ya wazee wa watu.

"Mtandao?" mzee akauliza.

"Chaji, mzee."

Shangazi mtu hakuinua hata uso. "Hata huku kwetu simu huwa zinazima zikidaiwa."

Papo hapo simu ya mzee ikalia. Sebule nzima ikanyamaza. Akatafuta miwani, akaivaa, akasoma polepole: ofa ya vifurushi vya wikiendi.

Chaja ya nyumba ile ilikuwa taipu C, na simu yangu inataka kichwa cha zamani. Mtoto akatumwa kwa jirani, akarudi na taipu C nyingine. Ndipo shangazi alipotoa kitochi chake. Laini yangu tuliichokonoa kwa pini ya mtandio wake. Ilikuwa ndogo mno, ikawa inachezacheza kwenye kitundu cha kitochi, hadi mdogo wake bibi harusi alipoikazia kwa kipande cha karatasi ya daftari. Nikaanza upya: nyota, namba, reli. Vigelegele vikapigwa. Shangazi akaipokea simu yake, akaipangusa kwa upindo wa khanga, akasema, "Hii naichaji Ijumaa kwa Ijumaa."

Njiani nikaichomeka yangu kwenye gari. Ikawaka na kuandika asilimia 38, bila haya.

Usiku ule sikulala, nikawa nasoma. Ndani ya betri hakuna kitu kinachoweza kupimwa kwa rula. Asilimia tunazoziona ni makisio. Kuna kijisakiti kinachohesabu umeme unaoingia na kutoka, kikichungulia volti, ambazo kwenye simu nyingi huwa 4.2 au zaidi kidogo betri ikijaa na hushuka taratibu kadiri inavyotumika. Kazi yenyewe inafanywa na chembe za lithiamu zinazohama kutoka upande wa oksidi ya metali kwenda upande wa grafiti wakati wa kuchaji, na kurudi wakati wa kutumia. Kila safari, chache hunasa kwenye utando unaoota juu ya grafiti, na hizo hazirudi tena kazini. Joto linaukuza utando huo haraka zaidi, na sisi wa Pwani joto tunalo la kutosha. Betri ikishazeeka, mbali na kubeba kidogo, huwa haiwezi tena kutoa umeme mwingi kwa ghafla. Ni mzee anayeweza kupiga soga barazani kutwa, lakini mwambie apande ghorofa.

Na mimi nilimpandisha ghorofa. Kwenye simu za kizamani, ile menyu ya kutuma fedha mara nyingi hupitia mtandao wa 2G, na simu ya 2G haipigi mawimbi mfululizo: inayapiga kwa mishtuko, mara 217 kwa sekunde. Ndiyo ile tr-r-r-r inayosikika kwenye spika kabla simu haijaita. Mnara ukiwa mbali, au nyumba ikiwa na kuta nene, simu huongeza nguvu hadi wati 2, na kila mshtuko unaweza kuivuta betri karibu ampea mbili. Betri mpya haishtuki. Iliyochoka volti zake huporomoka, ulinzi wa simu unadhani chaji imekwisha, unakata. Mzigo ukiondoka volti hupanda tena, ndiyo maana ya ile 38. Sabufa ilijua kabla yangu.

(John Goodenough, mmoja wa waliotufikisha kwenye betri hizi, alipewa Nobel ya kemia mwaka 2019 akiwa na miaka 97, na wakati huo alikuwa bado chuoni Texas akifanya utafiti. Betri yangu ina mitatu.)

Ushauri niliopewa na ndugu ungejaza gazeti. Iweke kwenye friji: ikitoka humo inatoka na unyevu. Iache iishe kabisa ndipo uichaji: hiyo ilikuwa dawa ya betri za zamani za nikeli na kadimiamu, na lithiamu haitaki kukaushwa. Afadhali aliyeniambia nitazame kwenye mipangilio ni programu gani inakula chaji. Nikatazama. Ni kundi la kamati ya harusi, linalojipakulia video usiku kucha, nyingine za mapambo ya harusi zisizo zetu.

Tangu hapo imezima nikiwa nyuma ya bodaboda, dereva akisubiri nimwambie kushoto au kulia. Imezima katikati ya pole ya msiba.

Basi nikaenda Kariakoo, mtaa wa Aggrey. Fundi akanitolea betri iliyoandikwa 5000, ya umbo lilelile la ile yangu ya 3000. "Hii OG, bosi." Nguvu elfu mbili zaidi zimeingilia wapi, sikuuliza. Nilikuwa natazama mikono yake. Aliilaza simu kwenye kibao cha moto ili gundi ilegee, akapenyeza kijiplastiki chembamba ukingoni, milimita kwa milimita, kioo kisipasuke. Kitochi cha shangazi kinafunguka kwa ukucha.

Hapo mzaha uliniisha. Mwaka 2017 Apple walikiri kwamba walikuwa wakizipunguza kasi simu zenye betri zilizochoka, zisizime ghafla, na Ufaransa ikawatoza faini ya euro milioni 25 kwa kutowaambia wenye simu. Ulaya imeshatunga sheria: kuanzia Februari 2027 betri ya simu iwe ya kutolewa na mwenye simu mwenyewe, ila zile zinazothibitishwa kudumu sana. Na sisi? Kobalti ya betri hizi inachimbwa Kolwezi, Kongo, kwa Waswahili wenzetu, inapita Tunduma kwenye malori, inapakiwa melini hapa hapa Dar es Salaam, kisha inaturudia imegundishwa, na ikichoka tunauziwa stika ya 5000.

Nikamuuliza fundi kwa nini wanazigundisha. Akapuliza vumbi kwenye simu yangu, akanitazama.

"Bosi, wakiacha kugundisha mimi nitakula nini?"