Jinsi ya Kushinda Pwani Bila Kujua Kuogelea, na Usijulikane

Ndugu yangu mwanafunzi, umetoka Goma, Kigali au Kampala, chuo kimekuleta Unguja, na kundi zima linataka kwenda pwani. Kuogelea hujui. Usimwambie mtu, fanya hivi.

1. Jitolee kupanga safari. Hakuna mwingine anayeitaka kazi hiyo, watakushukuru. Anayeshika ratiba ndiye anayechagua bahari iweje. Ziwa la kwenu ulilolizoea hulikuta palepale asubuhi na jioni. Bahari ya hapa hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na upande wa mashariki, kama Paje, ndani ya mwamba wa matumbawe, ikipwa hukuachia uwanja mkubwa wa mchanga na vidimbwi. Hapo ndipo pako. Mtu akitaja Nungwi, mwambie safari ijayo: kule maji hayaendi mbali, na wewe utakosa pa kujificha.

2. Tazama mwezi. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupwa kabisa kwenye saa nne au saa tano asubuhi. Kila siku inayofuata, saa hiyo husogea mbele kama dakika 50. Ukitaka uhakika, muulize mvuvi. Kutoka Mji Mkongwe ni mwendo wa saa moja na ushee, basi ondokeni saa mbili na nusu.

3. Picha. Vaa yeboyebo zenye mkanda wa nyuma, maana kwenye mawe kuna viumbe wa miiba mirefu myeusi. Nenda mpaka maji yafike magotini, kisha keti. Yakibaki mabega na kichwa, nani atajua kuwa umekaa? Lowanisha nywele: nywele kavu zimewaumbua wengi. Mpigaji naye achuchumae, simu ikaribie maji.

4. Ripoti. Mwalimu ataidai, na hapa ndipo utakapowapita waogeleaji wote. Wafuate kina mama wanaolima mwani. Usianze kwa kutoa simu. Anza na shikamoo, uombe ruhusa, kisha mwombe mmoja akufundishe kufunga mbegu kwenye kamba. Kilimo hiki kilianza kibiashara Paje na Jambiani mwaka 1989. Mwani hukaushwa na kuuzwa nje, na utomvu wake huingia kwenye dawa ya meno na aiskrimu ili zishikane.

Waulize habari za mwani mnene, ule wenye bei nzuri zaidi. Maji ya karibu na ufuko yamepata joto, unakufa. Unataka maji ya kina, na wengi wa kina mama hawa hawajui kuogelea. Wamelima baharini miaka na miaka, wamesomesha watoto kwa mwani, na kina ndicho kinachowazuia. Ripoti nzima iandike juu ya hilo. Wewe utaliandika vizuri kuliko yeyote darasani, kwa sababu unakijua kile wanachokiogopa. Wenzako wakija kunakili, waruhusu. Mtu unayemdai hawezi kukucheka.

5. Maji yakianza kugeuka, rudi. Hapa sina njia ya mkato ya kukupa. Maji hujaza kwanza sehemu za bondeni, na bonde linaweza kuwa kati yako na ufuko wakati wewe bado unapanga picha. Sema una njaa. Njaa ya mwanafunzi haitiliwi shaka popote duniani.

6. Alasiri bahari imejaa, wenye majigambo wanakuita. Waambie utalinda simu. Watakupa zote mbio mbio, kwa furaha. Keti mchangani na dafu lako, na kila baada ya dakika chache hesabu vichwa majini. Kikipungua kimoja, simama uwapigie kelele vijana wa ngalawa, na wewe usiingie.