Asiyesikia la Mwenye Bucha: Mwongozo wa Kuoka Mbavu Nzima Kariakoo

Umeona kwenye simu: pande la mbavu za ng'ombe, kahawia nje, jekundu ndani, mpishi analikata taratibu kama keki ya harusi. Umeapa kwamba Jumapili nawe utaoka. Hatukuzuii. Fuata hatua hizi.

Kwanza, bucha. Wahi asubuhi, nyama ikiwa bado na joto la machinjio ya Vingunguti. Ng'ombe ana jozi 13 za mbavu. Wewe unataka tatu zilizoshikana, kati ya ubavu wa 6 na wa 12. Mwenye bucha atakusikiliza kwa adabu, kisha atauliza: "Nikukatie vidogovidogo, bosi?" Kataa. Wala usigeuke kupokea simu, maana shoka likishainuliwa juu ya gogo halishuki bure. Akikutupia mfupa wa kujazia kilo, pokea. Utakuja kumshukuru.

Pili, mjue marehemu. Vitabu vya Ulaya vinamzungumzia ng'ombe aliyenenepeshwa kwa nafaka, nyama yake ikatundikwa baridini wiki mbili au tatu. Wako ni wa asili, mwenye nundu, mla majani, mtembezi. Juzi alikuwa mnadani Pugu, leo yuko kwenye mizani. Hajazoea hata habari ya kufa. Papai bichi litakusaidia, kwani utomvu wake una kimeng'enya kinachovunja protini. Lakini haliingii ndani sana. Ukililaza na nyama usiku kucha utapata uji nje na kamba katikati.

Tatu, oveni. Ya wati 2,000, ikiwaka mfululizo kwa saa 3, inakula uniti 6. Mita ya LUKU ni moja, vyumba ni sita, na mama wa chumba cha mbele anaisoma kuliko fundi. Ikianza kulia, korido nzima itajua harufu inatoka mlango gani. Umeme ukikata, rudi kwa bibi: sufuria nzito, mfuniko, makaa yapaliwe juu. Moto chini, moto juu. Hiyo nayo ni oveni, na haidai tokeni.

Nne, kipimajoto. Mafundi huiepua nyama katikati yake ikifika nyuzi 52 hivi, wakaiacha ipumzike dakika 20, joto lipande lenyewe. Usilieleze hili mbele ya shangazi. Kuhusu kupumzika atasema, "Imefanya kazi gani?" Na akiona ule wekundu atakuuliza kwa huruma, "Gesi imekuishia, mwanangu?"

Tano, kugawa. Ulihesabu watu wanne. Harufu imeshafika Mtaa wa Narung'ombe, na sasa wako tisa, kila mmoja "alikuwa anapita tu". Mbavu tatu, watu tisa, kisu butu. Hapo shangazi atainuka bila kuombwa, abebe sinia lako hadi uani, aulizie ndimu, tangawizi, pilipili mbuzi na ule mfupa wa nyongeza. Saa moja baadaye kila mtu ana bakuli la supu, na wapo watakaosifu mkono wako.

Ila kabla ya kuitia sufuriani, nyama ataikata kwanza. Vipande vya ukubwa gani? Uliulizwa asubuhi.