Sifa za Barafu ya Samaki

Katika mji wa Vanga, uliozungukwa na mikoko ya Kwale karibu kabisa na mpaka wa Tanzania, hakuna mtumishi anayetukanwa kuliko barafu: hununuliwa asubuhi kwa fedha taslimu, hulazwa kwa heshima ndani ya kasha pamoja na changu, tafi na taa, na gari lifikapo Ukunda huwa imekwisha kugeuka maji machafu yanayochuruzika kwenye mizigo ya abiria na kumgombanisha mwenye samaki na utingo. Mama karanga, mkaangaji wa samaki, huiita mwizi, na tajiri wa samaki huiandika daftarini upande wa hasara. Mshtakiwa asiyeweza kujisemea anastahili walau mtetezi mmoja, na utetezi wenyewe hauna budi kuanza na shtaka kubwa kuliko yote, yaani kwamba barafu huyeyuka.

Shtaka hilo ni la kweli, na ndilo fahari ya mshtakiwa. Ili kilo moja ya barafu iliyo kwenye nyuzi 0 za Selsiasi iwe maji ya nyuzi hizohizo 0, sharti inyonye kilojuli 334 za joto, ambalo wanafizikia huliita joto fiche kwa kuwa kipimajoto hakilioni: lote huishia katika kuvunja mshikamano wa molekuli za maji, wala halibaki la kupandisha halijoto. Joto hilo lingetosha kuyapandisha maji yaleyale hadi nyuzi 80. Samaki anayetolewa baharini wakati wa kaskazi akiwa na nyuzi zipatazo 30 hutoa takriban kilojuli 108 kwa kila kilo hadi ashuke kufika 0, hivyo kwa hesabu ya karatasini kilo moja ya barafu yatosha kilo tatu za samaki. Lakini kwa vile kasha hupigwa jua, na kifuniko chake hufunuliwa kila mteja anapotaka kukagua mashavu, katika nchi za joto hupendekezwa kilo kwa kilo. Barafu ya nyuzi 18 chini ya sifuri, ikipanda hadi 0 pasipo kuyeyuka, hunyonya kilojuli 38 tu. Barafu yenye tabia njema, ambayo ingefika Mombasa nzima kama ilivyotoka Vanga, ingefika na samaki waliooza.

Hata maji yanayolaumiwa kwa kulowesha kila kitu yana kazi yake. Vipande vya barafu humgusa samaki kwa ncha chache tu, na nafasi zinazobaki hujaa hewa, ambayo hupitisha joto kwa uvivu mkubwa; maji ya nyuzi 0 huingia katika nafasi hizo, huambatana na ngozi yote hadi ndani ya matamvua, na yakishuka huchukua ute pamoja na sehemu ya bakteria. Yanachodai ni tundu la kutokea chini ya kasha. Mwenye kuliziba tundu hilo kwa tambara, ili utingo asilalamike, huwaacha samaki walowe katika uchafu wao wenyewe, kisha akailaumu barafu.

Lipo shtaka la pili, la utelezi, kwa kuwa vipande vinavyodondoka kwenye sakafu ya saruji vimekwisha kuwaangusha wachukuzi wengi. Mwaka 1849 James Thomson alionyesha kwamba mgandamizo hushusha kiwango cha kuyeyuka, na kwa muda mrefu utelezi ulielezwa kwa njia hiyo, ingawa kila ongezeko la kanieneo sawa na ile ya angahewa hukishusha kwa chini ya sehemu moja ya mia ya nyuzi, jambo linalomwondolea lawama hata mchukuzi mnene. Michael Faraday, mwaka uliofuata, alipendekeza maelezo mengine: kwamba uso wa barafu hufunikwa na utando mwembamba ulio karibu na umajimaji hata kabla ya kuyeyuka, kwa sababu molekuli za juu hazina wenzao wa kuzishika kutoka upande wa hewa. Msuguano wa unyayo huongeza umajimaji huo, na mchukuzi huenda chini na kapu lake. Lakini vipande viwili vikigusana, tando zao hujikuta katikati ya barafu na kuganda, na ndiyo maana barafu iliyopondwa vizuri jioni huwa jabali moja kufikia alfajiri, likihitaji nyundo. Kwa hiyo utando uleule humwangusha mtu na kumkatalia huduma, na ni nadra kupata kiumbe kinachosumbua kwa ufanisi wa namna hiyo.

Kuhusu sakitu inayoota ndani ya friza, inatosha kusema kwamba ni mvuke wa hewa ya pwani uliogeuka barafu bila kupitia hali ya maji, na kwamba, kwa kuwa imejaa vijishimo vya hewa, huyavika mabomba baridi blanketi huku mita ikila tokeni za umeme.

Barafu imewatia wasiwasi hata wasomi. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari ya Magamba katika Tanga jirani, alitia kwenye friza maziwa ya aiskrimu yakiwa bado moto kwa kuhofia kukosa nafasi, akakuta yameganda kabla ya yale ya mwenzake yasiyochemshwa. Mwalimu alimwambia kwamba amechanganyikiwa. Mwaka 1969 yeye na Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walilichapisha jambo hilo, na wataalamu wangali wanabishana kuhusu sababu yake, baadhi wakitilia shaka hata kuwapo kwake.

Wako wanaodhani kwamba barafu hutiwa adabu kwa chumvi. Chumvi hushusha kiwango cha kuyeyuka, hata hadi nyuzi 21 chini ya sifuri ikiwa ya kutosha, kwa hiyo barafu hukimbilia kuyeyuka upesi zaidi na kuupoza mchanganyiko wote. Samaki, ambaye nyama yake huanza kuganda kwenye nyuzi moja au mbili chini ya sifuri, huganda polepole, fuwele kubwa zikapasua chembe za nyama, na akiyeyuka hutoa maji na kulegea. Mchuuzi atiaye chumvi hufika sokoni akiwa amepoteza barafu, chumvi na uzito wa samaki kwa mpigo mmoja, na anayetukanwa ni barafu.